Mibuni Arobaini na Mmoja

Arobaini na mmoja. Niliihesabu mwenyewe kwa kidole
asubuhi matanga yalipoisha,
nilipokuta masale ya mpaka yamehama usiku
kama mbuzi aliyekata kamba
na kuja kusimama karibu na dirisha langu.
Thembo, ndugu wa marehemu, alikuwa upande wa pili,
udongo kwenye kucha.
"Mpaka ulikuwa hapa siku zote," akasema.

Miaka tisa kahawa yangu ikaukia kwenye turubai lake.
Jumapili, kanisani Kyarumba,
yeye benchi la tatu, mimi la saba.
Padri akisema tupeane amani
naitafuta mikono ya watoto,
mikono ya wageni,
mkono wa mama kiziwi anayeuza dagaa,
mradi nisifike benchi la tatu.
Na Sala ya Bwana: nikifika kwenye deni
nakohoa.
Miaka tisa nimekohoa mahali pale pale.
Watu walidhani nina kifua.

Februari hii akateleza mlimani na gunia mgongoni.
Nyonga.
Wakamshusha Kagando kwa pikipiki,
amefungwa kwa leso kwenye mgongo wa dereva.
Mke alikwisha rudi kwao Bundibugyo,
wana wako Kampala, simu zao hazipatikani,
na wodini, mgonjwa asiye na wa kumpikia
hula kwa macho.

Nani aliniambia niende? Sikusikia sauti yoyote.
Nilisonga ugali wa muhogo nikiwa na hasira.
Maharage niliyatia chumvi ya kisasi,
nikaonja,
nikaona aibu,
nikabandika mengine.

Hakusema asante. Alikula amegeukia ukuta,
kijiko kikigonga meno.
Nikaosha bakuli, nikaondoka.
Njiani, peke yangu, nikasema kwa sauti:
Mbuni wa kwanza, ule wa kando ya jiwe.
Nimekuachia.

Ndivyo ninavyofanya tangu siku hiyo.
Petro aliuliza mara ngapi, akajibiwa kwa hesabu,
nami ni mtu wa hesabu.
Sina moyo wa kumwaga msamaha kwa debe;
natoa kwa kikombe cha kupimia karanga.
Siku nyingine naachia miwili.
Siku nyingine, mvua inapiga, bati linavuja,
na yule mtu kajenga jiko jipya kwa fedha ya nani?
namnyang'anya mmoja,
kisha usingizi haunijii
namrudishia gizani, nikinung'unika.

Sasa yuko nyumbani, na magongo yake.
Juzi alisimama penye masale,
akayatazama, akanitazama.
"Mwaka huu itazaa," akasema.
"Itazaa," nikasema.
Hayo tu. Masale hayajasogea hata shibiri.

Nimefika ishirini na tisa.
Wa thelathini uko karibu na migomba,
Baluku aliupanda siku Biira alipozaliwa,
akiimba vibaya, matope hadi magotini,
akaumwagilia maji ya kunawa ya mtoto.

Huo, Bwana, usiniharakishe.
Nipe mpaka Jumapili.
Jumapili nitajaribu kupita kwenye lile neno
bila kukohoa.