Tundu la Tatu

Mbazi alikuja Kiborloni na ubao kwapani,
mikanda ya miguu imekatika yote miwili.
"Nikiruka, fundi, ubao unakwenda zake,
mimi nashuka majini peke yangu."

Nyumba ya Mungu mimi naijua kwa perege tu.
Nikamuuliza, unarukia nini huko?
Akacheka, akavua kiatu.

Nikampima unyayo kwa uzi,
pale mfupa wa gumba unapojitokeza.
Nikachana tairi la lori, lilelile la katambuga,
skrubu nne, bizimu moja kila upande.

"Usikaze sana," akasema.
"Nikianguka vibaya mguu utoke,
la sivyo goti litasokoteka."

Nikatua koleo.
Miaka thelathini nawashonea watu viatu visivyowavuka,
hata kwenye tope la Uru, masika.
Leo naombwa mkanda unaojua kuachia.

Tundu la kwanza linapwaya.
La pili linabana.
Nikatoboa la tatu, katikati,
mkono ukinitetemeka kidogo.

Jumapili nikapanda pikipiki hadi bwawani.
Upepo wa Upareni ukaikamata tiara,
Mbazi akapaa,
watoto wakapiga kelele.

Tiara sikuiona.
Nilikuwa natazama bizimu.