Wa Ng'ambo

Fundi Pugh kasema njoo saa kumi.
Nimeishi vya kutosha kuijua lugha ya mafundi,
wa Morogoro, wa ukingo wa Severn, ni mamoja:
saa kumi maana yake ukijaliwa.
Basi nikaliacha gari boneti wazi, limeachama,
nikateremka Withybridge kwa miguu,
mji ninaoupita kila Alhamisi na vifurushi vya watu,
sijawahi kuushukia.

Mto kwanza. Maji rangi ya chai iliyotiwa maziwa kwa uchoyo,
yanakwenda taratibu kama yanalipwa kwa siku.
Daraja lina matao matano, na jiwe la tao la mwisho
lina mifuo kwenye pembe, myembamba.
Nikatia kidole. Kikaenea.
Kibao kinasema: kamba.
Wanaume walivuta mashua za makaa kwa vifua vyao
kuukwea mkondo, na kila kamba ilipopita hapa
ikalamba kidogo.
Bandu bandu, nilifundishwa, huisha gogo.
Hawakuniambia habari za jiwe.
Majina yao hayapo. Jina la mwenye daraja lipo, mara mbili.

Kwenye kijumba cha ushuru bei zingali ukutani:
ng'ombe, peni moja; kondoo ishirini, peni mbili;
mwenda kwa miguu, nusu peni, Jumapili pia.
Maiti, sawa na aliye hai,
na sijui nani alikuwa akimtolea.

Ukuta wa kanisa una alama za mafuriko,
mistari na miaka,
kama watu wanavyompima mtoto kwenye fremu ya mlango.
2007 ni kifungo cha tatu cha shati langu.
1947 yanifika kidevuni.
1795 imenipita; nikanyoosha mkono
nikaigusa kwa ncha ya kidole,
na mwanamke aliyekuwa akipita na mbwa akacheka,
akasema mumewe hufanya vivyo hivyo kila mwaka
aone kama amefupika.

Makumbusho ni chumba kimoja juu ya duka la samaki na chipsi;
historia yao inanukia siki.
Bibi Yapp, mwenye funguo, akanifungulia kabati la vitana.
Mji huu, alisema, ulichonga vitana:
vya pembe za ng'ombe kwa maskini,
vya pembe za ndovu kwa wenye nywele za kusubiriwa.
Kimoja kilikuwa cheupe kama jino la mtoto,
meno sitini, nilihesabu, hakuna pengo.
Chini yake kikaratasi:
*Pembe. Asili: ng'ambo.*

Nikakisoma tena.
Kwetu ng'ambo ni mbali, safari ya meli,
na ng'ambo ni hapo tu, upande wa pili wa mto;
neno halijapata kuamua.
Nikamweleza hivyo Bibi Yapp.
Akavua miwani.
"Basi mimi ni wa ng'ambo," akasema,
akaonyesha dirishani, nyumba za matofali mekundu baada ya daraja.
"Niliolewa huku mwaka wa sitini na tisa.
Sokoni bado wananiita yule wa kule."

Nilitaka kumsimulia njia pembe ile iliyopita,
mabegani mwa nani, siku ngapi mpaka pwani,
lakini naijua kama anavyoijua aliyesomea mtihani, si zaidi,
na yeye alikuwa keshachukua kalamu.
Akalikata lile neno, mstari mmoja, wino wa buluu.
Akaniangalia.
Tukabaki hivyo, kalamu hewani,
kikaratasi kina *asili* na nukta mbili.

Saa ya kanisa ikagonga mara nne, yaani kumi.
Gari halikuwa tayari.