Dakika Mbili kwa Kila Mzazi

Mimi ndiye niliyeshika kitufe.
Jumanne ya pili ya Septemba, ukumbini mwa michezo,
shule ya msingi ya Birch Prong, kaskazini mwa Wisconsin,
bodi ilinipa kazi nyepesi, ndivyo walivyoiita:
kila mzazi dakika mbili; zikiisha, bonyeza.
Saa ni ile ile ya mpira wa kikapu,
WENYEJI kushoto, WAGENI kulia,
na honi ile ile ya kumaliza mchezo.
Vibao vya alama hakuna aliyevishusha:
arobaini na moja kwa thelathini na nane,
mchezo wa mwisho kabla ya milango kufungwa.

Dwayne Kessler, fundi wa matrekta, alitangulia.
Karatasi mkononi ilitetemeka, sauti haikutetemeka.
"Mwanangu si mwizi. Afunikwe uso kwa kosa gani?"
Nusu ya ukumbi ilipiga makofi,
nusu ikatazama viatu vyake.
Alikuwa katikati ya sentensi nilipobonyeza.
Dwayne huyu, majira ya baridi yaliyopita,
alizoa theluji mlangoni kwangu alfajiri arobaini
na hakugonga hata mara moja nimshukuru.

Akaja Marlys Aune, muuguzi,
na alama nyekundu juu ya pua, kama mshono.
"Sikuja kubishana," alisema. "Nimetoka zamu."
Akahesabu vitanda. Akafika cha tisa, akanyamaza.
Saa ikasoma sifuri na mimi sikubonyeza.
Marlys huyu ndiye aliyeshika simu
sikioni mwa mke wangu, kwa mkono wenye glovu,
nikiwa nje, kwenye maegesho, ndani ya gari,
nikisema maneno ambayo sikumbuki.
"Muda!" Dwayne alipaaza sauti.
Na alikuwa na haki.
Nikabonyeza.

Kisha Pa Houa Xiong, ambaye hakuna aliyemtarajia.
Alisimama kulia, chini ya WAGENI,
ingawa amezaliwa mtaa wa nyuma ya maktaba.
"Binti yangu husikia kwa macho," alisema.
"Mwalimu akifunika mdomo, amefunga kitabu.
Na nyumbani yupo nyanya yake,
anavuta pumzi kutoka kwenye mtungi.
Mnaniuliza niko upande gani.
Niko jikoni, kati ya vyumba vyao viwili."
Zilibaki sekunde hamsini na tatu.
Akazirudisha, kama chenji, akaketi.

Hakuna aliyepiga makofi. Mtu alikohoa
na vichwa mia mbili vikageuka.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi:
sawa, lakini wazazi walijaa hadi kwenye ngazi,
na kila uchungu ulijiona yatima.

Kura: wanne kwa watatu. Sitasema wanne walitaka nini,
mnaweza kuuliza; mji bado unauliza.
Nje, milango ya magari ilibamizwa moja moja.

Nilibaki kupanga viti.
Chini ya kiti cha safu ya tatu, karatasi ya Dwayne.
Upande wa nyuma, yale yasiyopata dakika:
*Babu yake tulimzika kwa simu. Mvulana aliona
nyuso zilizofunikwa tu, na shimo.
Sasa akivaa barakoa anauliza nani amekufa.
Sijui nimwambie nini. Kama kuna anayejua*

Hapo wino unakatika. Hata nukta hakuweka.

Nikaikunja, nikaitia mfukoni.
Ningeweza kumpelekea. Ni nyumba nne tu.
Nilifika kwenye sanduku lake la barua, nikaona taa,
nikaona kivuli kikimfunika mtoto blanketi,
nikarudi.

Novemba theluji itaanguka, haikosi.
Nitaamka alfajiri, nisikilize kama kuna koleo.
Na kama kuna koleo, safari hii
nitafungua mlango mimi, na karatasi mkononi,
ingawa sijaamua bado
kama usoni nitakuwa nimevaa kitu.