Kabla ya Kulipa

Usinunue kiti kwa macho, Sikudhani.
Macho hayakai.
Mchukue Nandonde, yule mpakia magunia pale ghalani,
mwambie aketi, kisha mchekeshe.
Mtu mzito akicheka ndipo kiti husema kweli:
miguu ya nyuma itatanuka kama ya ndama wa jana,
au itasimama.

Mimi mwaka wa kwanza nilinunua kwa macho.
Viti mia, vyeupe kama meno ya mtoto,
vyepesi, navibeba vinne vinne kichwani
nikipita katikati ya Newala, najiona nimepata.
Korosho zikalipwa.
Unajua zikilipwa: kila uwanja una turubai,
kila nyumba ina mwali wa kutoka,
simu yangu haipoi.
Kule Kitangari mchanga ukameza miguu,
ngoma ikakolea, watu wakapanda juu ya viti wamwone mwali,
na viti vyangu vikajibu ka, ka, ka,
kama korosho zinabanguliwa.
Thelathini na kimoja. Nilivihesabu usiku kwa tochi.
Shemeji wa mwenye shughuli akanisogelea, kwa adabu:
"Mama, viti vyako vilikuja vimechoka."

Jua la huku juu linakula plastiki polepole,
linaanzia mgongoni.
Pitisha kidole. Kikitoka na unga mweupe,
kiache hapo hapo dukani
hata kama muuzaji ameshaanza kukuita dada.

Vya chuma atakuchomelea Mchopa, Masasi.
Vipindue. Tazama maungio kwa chini,
maana kwa juu rangi hufunika uongo mwingi.
Na kila mguu uvae kiatu cha mpira,
la sivyo utalipia sakafu ya ukumbi wa watu
kama nilivyolipa mimi Mtwara mjini:
vigae vinne,
bei usiniulize.

Sahani niliziangusha dukani, makusudi, kwenye saruji.
Mwenye duka akashika kichwa.
Nikaangusha ya pili.
Iliyolia kama debe nikamlipa, nikamwachia;
iliyotua kwa sauti nzito nikachukua dazeni ishirini.
Kikombe kitazame mkono, ndio hufa kwanza.
Kijiko kinachopindwa na pilau iliyopoa
wape watoto wachimbie mchanga.
Bakuli ziingiane, maana gari la kukodi halina subira,
na nyuma ya kila kimoja weka tone la rangi ya kucha:
sahani haina miguu
lakini hutembea kuliko kiti.

Haya yote nilikuwa nayajua kwa yakini
mpaka juzi, msibani kwa Bi Somoe Ng'itu.
Wenzangu mkekani; mimi, kwa goti hili,
nikaletewa kiti.
Nikapapasa chini yake, mazoea tu,
kidole kikagota kwenye tone la rangi yangu.
Kimoja cha wale thelathini na kimoja,
wale niliowatupa nyuma ya soko.
Ufa ulikuwa umeshonwa kwa waya, tundu kwa tundu,
kama tumbo la aliyepasuliwa hospitali.
Kila mguu umevishwa kipande cha kandambili
usizame.
Miaka sita.
Nilikaa kwa woga, uzito wote nimeubeba kwenye mapaja.
Hakikulia.
Mjukuu akaniona ninavyokitazama:
"Bibi alikuwa hataki mtu akiburute."

Basi, Sikudhani, la kudumu sijui nikwambieje.
Chako kitakaliwa na watu mia kila Jumamosi
na hakuna hata mmoja atakayekiinua
badala ya kukivuta.
Kwa hiyo nunua kizito.
Nenda na Nandonde.
Hakikisha amecheka.