Moja, Tano, Tatu

Nilijifunza kuhesabu kabla ya shule, hapa Katuba,
juu ya ndoo iliyopinduliwa, karibu na goti la baba:
moja, tano, tatu, sita, mbili, nne.
Mwalimu wa darasa la kwanza alinichapa mara mbili,
ya kwanza kwa kosa,
ya pili kwa kulirudia bila kubabaika.

Baba hakuja kunitetea. Alikuwa zamu ya usiku,
chini ya dohani, akimimina shaba ya watu.
Miaka thelathini na moja aliimimina
na nyumbani hatukuwa na hata sufuria yake.
Alichokuwa nacho ni hii moteri,
silinda sita mstari mmoja, ndefu kama benchi la kanisani.
Aliinunua kwa mhasibu aliyehama kwa haraka;
gari lenyewe lilichukuliwa na mwingine.
Akaifunika turubai. "Mwakani," alisema.
Mwakani tulimzika.

Naifungua mimi.
Chola amekereza matundu, nusu milimita zaidi.
Pistoni nazipima kwa mizani ya sonara wa Kamalondo
anayenitania kila mara: "Dhahabu yako nyepesi, mama."
Natafuta gramu moja. Naisugua kwa tupa,
chini kwa ndani, pasipoonekana na mtu.

Wa kwanza na wa sita hupanda pamoja,
wa pili na wa tano, wa tatu na wa nne.
Wakifika juu mmoja hupata moto,
mwenzake hutoa moshi tu, akashuka, akangoja.
Tulilala hivyo, watoto sita, mkeka mmoja,
ada ikimfikia huyu, yule akisubiri duru ijayo.
Banza, wa sita, yuko Kolwezi, anachimba.

Kichwa nimekinyoa milimita moja na robo.
Sitaki moteri ya kupeleka mahindi sokoni.
Kamshafti ina nundu ndefu, kabureta ni tatu, midomo sita.
Gasketi ya dukani ni karatasi, italia siku ya kwanza,
basi nikanunua bamba la shaba, kwa kilo, kwa dola,
katika mji wenye mlima mzima wa mavi ya shaba.
Nikalikata, nikalichoma makaani hadi likawa jekundu,
nikalitumbukiza majini.
Twite, mwanagenzi wangu, akaruka: "Utalifanya gumu!"
Hapana. Chuma ukikichovya, huwa kigumu.
Shaba ukiichovya, hulegea.
Sikumwambia nimejuaje.
Baba alirudi alfajiri na joto la tanuri mwilini, bubu;
mama alimmwagia ndoo nzima uani,
ndipo alipoanza kusema.

Bolti kumi na nne, toka katikati kwenda nje,
raundi tatu. Ya tatu hatuongei.

Jumamosi umeme ulikatika; tukaazima betri ya lori.
Nyaya za plagi aliziunga Twite.
Twite alishika nafasi ya pili darasani,
akaziunga moja, mbili, tatu, nne, tano, sita.
Moteri ikapiga chafya, ikatema moto kwenye kabureta,
ikamla nyusi.
Nilicheka mpaka nikakaa chini.
Kisha nikaipindua ndoo, nikampigapigia aketi.
"Njoo nikufundishe kuhesabu."

Moja. Tano. Tatu.
Akazihamisha, vidole vikitetemeka.
Sita. Mbili. Nne.

Haikunguruma nilivyotazamia.
Ilikohoa, ikasitasita, halafu ikavuma,
sauti ndefu, kama kitenge kinachopasuliwa bila kufika mwisho.
Nikaweka mpira wa maji sikioni, mdomo kwa mdomo,
nikageuza skrubu hadi zote sita zikavuta pumzi moja.
Watoto wa jirani walijaa langoni.
Nikatoa likuta ya zamani, isiyonunua kitu tangu nizaliwe,
nikaisimamisha kwa ukingo juu ya kifuniko,
nikavuta waya wa mafuta taratibu.

Ikasimama.

"Na gari liko wapi?" mtoto mmoja akauliza.
Gari bado hatuna.