Usiku Mara Mia

Wietske ameumba wezi mia nne,
vidoti vyekundu kwenye ramani ya Groningen.
Kila kidoti kina njaa yake, kina njia kiliyoizoea,
kinaogopa dirisha lenye taa.

Nadharia yasema: mwizi akionja nyumba
hurudi kwa jirani kabla wiki haijaisha.
Basi anabonyeza, usiku uanze. Tena. Mara mia.
Mtaa wa nyuma ya reli unatoka upele.

Kwa mama, nambari kumi na saba,
wameingia mara tatu tu.

"Sasa mbona mimi?" mama auliza kwenye simu.

Anapekua safu za takwimu.
Hakuna palipoandikwa
kwamba yule wa kweli aliiacha televisheni,
akachukua saa mbovu ya marehemu baba,
akanywa maziwa,
akaisuuza bilauri.