Uzi wa Rwaheru

Ukutani mwa ofisi ya ushirika wetu, Fort Portal,
juu ya sanduku la chuma,
Rwaheru alichomeka pini tisa
akazipitishia uzi mwekundu wa cherehani ya mkewe.
Pini ya kwanza, siku tisini na moja.
Ya mwisho, miaka ishirini.
"Hiyo itanipita," alisema, akacheka hadi akakohoa.

Kila mnada wa hatifungani ulipofungwa Kampala
alipiga simu, akaandika kiganjani,
akahamisha pini: juu riba ilipopanda,
chini iliposhuka.
Mimi, karani mpya, nikasema
uzi umekaa vizuri, unapanda kulia kama kilima.
Akanikata: Kabasinguzi, achana na vilima,
mji huu unavyo vya kutosha.
Usiulize uzi ukoje. Uliza ncha ipi imesogea.

Kushoto kukipanda, Benki Kuu imekaza mkono,
inaogopa bei za sokoni.
Kushoto kukishuka, biashara imezimia, inamwagiwa maji.
Kulia kukipanda peke yake,
serikali inakopa kuliko pumzi yake
na mwenye fedha anadai malipo ya kungoja.
Kulia kukishuka
(hapo alinyamaza, akasafisha miwani)
kuna watu wameanza kuiamini kesho.
Na riba ikipanda, hati uliyonayo inashuka bei.
Kabla hujashangilia, tazama umekaa upande gani wa mzani.

Mwaka ule uzi ukageuka.
Siku tisini na moja zikalipa kumi na saba,
miaka kumi ikalipa kumi na nne na nusu.
Uzi ukainama kulia
kama mkia wa mbwa aliyekemewa.
Kamati ikakutana. Nyakake akapiga meza:
nani achukue kidogo, tena akingoje muongo mzima?
Fedha hizi ni za wachuma chai!
Rwaheru akamjibu polepole:
kumi na saba, ndiyo. Na baada ya miezi mitatu?
Tukapiga kura. Miaka kumi ikashinda kwa kura moja,
yangu,
nami nilimpa kwa huruma tu, maana kikohozi kilikuwa kimezidi.
Uzi sikuuelewa bado.

Tulimzika wiki ya mvua.
Pini ya kushoto ikaanza kuteremka:
kumi na nne, kumi na moja, tisa na nusu.
Niliihamisha mimi.
Riba ya miaka kumi ikaja kila nusu mwaka,
ileile, haikupungua shilingi, ikalipa karo.
Nyakake aliacha kunisalimia.
Baadaye akaanza tena.

Jana fundi wa rangi amekuja na kopo lake.
Ukuta umejaa matundu kama uso uliougua ndui.
Akauliza, nizibe?
Nikasogea, na sijui kwa nini sikuwahi kuona:
matundu ya kushoto yametawanyika
toka kiunoni mwangu hadi machoni,
ya kulia yamebanana ndani ya shubiri moja.
Hofu ya leo huruka.
Ya miaka ishirini hujongea.

Paka kote, nimemwambia,
lakini hapa pitisha brashi pembeni.

Leo mnada umefungwa saa saba.
Ncha ya kulia imeinuka, peke yake,
upana wa ukucha.
Nimeshika uzi kwa vidole viwili,
sijaukaza, sijaulegeza.